Anayesema Waingereza wanakunywa bia ya moto aje hapa

#1 Kata Mbili

Wakuu salaam.

Kila nikirudi nyumbani lazima nikutane na swali hili, na wanaliuliza kwa huruma kabisa: "Eti huko mnakunywa bia ya moto?" Mara ya mwisho ilikuwa msibani Kibosho. Shemeji yangu ananiuliza huku ananipapasa bega kama mtu aliyetoka kifungoni. Nikajisemea siku nikipata nafasi naanzisha uzi. Niko mapumziko mpaka Jumatatu, kwa hiyo vuteni viti.

Nipo Sheffield huu mwaka wa tisa. Nilianza kwa kuosha glasi kwenye baa moja, halafu nikapandishwa cheo kwa kushushwa ngazi: nikapelekwa stoo ya chini kutunza mapipa. Siku hizi nina kazi nyingine, lakini stoo ile ndiyo iliyonifundisha ninachotaka kuwaeleza.

Hiyo bia siyo ya moto. Inakaa kwenye nyuzi 11 mpaka 13. Mtu wa Uchagani atanielewa nikisema ni ubaridi wa maji ya mfereji saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba. Weka mkono humo dakika mbili halafu uje uniambie ni ya moto. Sisi tumezoea bia iliyolala kwenye friza mpaka chupa inatoa jasho, na kwa jua la Dar siwezi kumlaumu mtu. Ila ubaridi ule unaua ulimi. Bia nyingine inafaidika ulimi ukiuawa, kwa sababu haikuwa na la kusema.

Wenyewe wanaiita real ale. Mimi naiita bia hai, na sitanii. Bia ya kegi kwa kawaida ikitoka kiwandani imeshachujwa na kupashwa moto, hamira yote imekufa, na inasukumwa na gesi mpaka kwenye glasi. Hii nyingine inaingia kwenye pipa na hamira yake ikiwa hai na sukari kidogo imebaki. Inaendelea kuchacha humo humo, njiani na stoo kwetu, na gesi yake inajitengenezea yenyewe. Pipa la kawaida ni galoni 9, kama lita 41, painti 72. Likifika halifunguliwi siku hiyo. Unalilaza kwenye kitanda chake, unaliwekea kabari lisitikisike, unaliacha tope lizame.

Juu ya tumbo la pipa kuna kizibo. Unakitoboa kwa kugonga kijiti laini cha mbao chenye vinyweleo, gesi inapumua kupitia humo, povu linatoka unalifuta, linatoka tena unalifuta. Likitulia unatoa kijiti laini unaweka kigumu ili gesi iliyobaki isikimbie. Ndipo unagonga koki upande wa mbele kwa nyundo ya mbao, pigo moja la uhakika. Unaacha itulie tena, kesho yake unaonja.

Wiki yangu ya pili niliruka hatua ya kijiti. Nilikuwa na haraka, bosi hayupo, nikaenda moja kwa moja na nyundo kwenye koki. Wakuu, lile pipa lilinitapikia. Kuanzia nywele mpaka soksi. Dari lilikuwa linadondosha bia na mimi nimeshikilia koki kama mtu anayeziba bomba la DAWASA kwa kiganja. Painti zaidi ya ishirini zikaenda na maji. Bosi aliporudi aliangalia dari, akaniangalia mimi, akasema tu, "Sasa umejua."

Na pipa likishafunguliwa saa inahesabu. Kila painti inayovutwa inaacha nafasi, na hewa inaingia kuchukua nafasi hiyo. Siku tatu hivi, basi. Baada ya hapo inaanza kuelekea kwenye siki. Ndiyo maana bia hii huikuti Dar wala Nairobi, na hata ukiletewa ya chupa siyo hii. Unaifuata ilipo.

Nina mengi, ila ngoja kwanza nisikie watu.

#2 Mpita Njia

Mkuu umeandika vizuri lakini nyuzi 12 kwangu hiyo ni bia iliyosahauliwa nje ya friji. Mhudumu akiniletea hivyo naomba kuonana na meneja.

#3 Jirani wa Busia

Hahaha, boss hapa kwetu kuna ajon ya Wateso. Mnakaa kuzunguka chungu, kila mzee na mrija wake mrefu, na mama anapita na birika kuongeza maji moto. Moto kabisa, si vuguvugu. Na hakuna mtu ashawahi kuita meneja. Kwa hivyo huyo wa #2 ajue dunia ni kubwa.

#4 Mzee Msesewa

Kijana, hadi hapo nakusoma na kucheka. Bia inayochachia ndani ya pipa, inayotaka kutulia, inayokufa baada ya siku chache, isiyosafiri. Umeenda Ulaya miaka tisa kuja kutueleza mbege yetu ya Uchagani?

#5 Kata Mbili

Mzee shikamoo. Hapo ndipo nilipokuwa napeleka uzi, umeniwahi.

Wazo hilo nililipata humo stoo. Mkuu mmoja wa kiwanda kidogo alikuja kutuletea mapipa, akanipa hopsi kavu, yale maua yanayoipa bia uchungu, nitafune. Uchungu ule ulinirudisha jikoni kwa bibi. Ni kazi ile ile ya gome la mti wa msesewa kwenye mbege: kukata utamu na kuipa uti wa mgongo. Kimea chao ni cha shayiri, chetu ni ulezi uliooteshwa. Utamu wao wanautoa kwenye hicho kimea, wetu unatoka kwenye ndizi. Ufundi mmoja, mazao tofauti. Hata desturi ya mwenye pombe kuonja kwanza mbele ya wageni, mle stoo ilikuwa sheria: hakuna bia inayokwenda juu kabla mtunza stoo hajaionja.

Kinachonisumbua ni kwamba wenzetu nusura waipoteze wakaipigania. Miaka ya 60 viwanda vikubwa vilikuwa vinanunua vidogo na kuvifunga, kila baa inawekewa kegi, na bia ya kegi ya Watney's, Red Barrel, ndiyo ilikuwa inatajwa kama mfano wa balaa. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza wakiwa likizo Ireland, huko Kerry, wakakaa baa wakalalamika, na kwenye malalamiko hayo wakaanzisha chama. Ndicho CAMRA, yaani kampeni ya kutetea real ale. Leo kina wanachama zaidi ya laki moja, kinatoa kitabu cha mwongozo wa baa kila mwaka tangu 1974, na matamasha ya bia mengi ya nchi hii yanaendeshwa na wanachama wake wanaojitolea. Sisi pombe yetu tumeiachia kilabuni na kuionea haya, tunakimbilia chupa ya kijani.

#6 Mzee Msesewa

Marahaba. Lakini "sisi" hiyo punguza. Wewe na wenzako wa mjini ndio mnaoona haya. Huku hakuna posa inayokamilika bila mbege, hakuna matanga, hakuna kikao cha ukoo. Haikuhitaji chama kwa sababu haikuachwa. Usituonee huruma kama shemeji yako anavyokuonea wewe.

#7 Mpita Njia

Duuh. Mzee kamaliza.

#8 Kata Mbili

Nimekubali kichwa chini mzee. Nimeandika kama mtu wa mjini.

#9 Kijana wa Leicester

Kaka Kata Mbili, mimi nipo hapa hapa Uingereza na nakuheshimu, ila unauza zamani. Nenda baa yoyote yenye vijana uone wanakunywa nini. IPA za ukungu, bia zenye hopsi nyingi, zina rangi ya juisi ya embe, zinanukia pasheni, za kegi, baridi, na zimetengenezwa na watu watatu kwenye godauni chini ya reli. Hiyo ndiyo bia ya ufundi. Hayo mapipa yenu ni ya wazee wenye ndevu na sweta.

Halafu ninyi watu wa kaskazini na lile povu lenu. Unaagiza painti unapewa kofia.

#10 Kata Mbili

Ndevu na sweta ni kweli, siwezi kubisha, na mimi ndevu ninazo tayari.

Hao watu watatu wa godauni wamepata nafasi kwa sababu moja ya kiserikali ambayo watu hawaitaji wakiwa baa. Mwaka 2002 ushuru wa viwanda vidogo ulipunguzwa, mdogo akawa analipa nusu ya anachotozwa mkubwa kwa kila lita. Baada ya hapo kila mtu mwenye godauni na wazimu kidogo akaanza kupika. Kwa hiyo sina ugomvi na kegi. Thornbridge wa hapa jirani, Derbyshire, walianza 2005, na Jaipur yao ya asilimia 5.9 utaikuta kwenye pipa na kwenye kegi. Inywe zote mbili siku moja, kaunta moja. Ya kegi inakupiga puani kwanza, hopsi tupu. Ya pipa ni laini, utamu wa kimea unatangulia, uchungu unakuja nyuma taratibu kama mtu anayebisha hodi. Mimi najua ninayoichagua. Wewe chagua yako, pesa ni yako.

Na hao hao vijana wa kisasa ndio waliookoa kitu kikongwe kuliko vyote. Burton upon Trent ni mji uliojengwa na bia kwa sababu maji yake ya chini yana jasi, na jasi inaupa uchungu wa hopsi makali safi. Huko kiwanda cha Marston's kilikuwa na safu za mapipa zinazoitwa Burton union. Mapipa yamepangwa mstari, kila moja lina bomba lililopinda kama shingo ya bata kwenda kwenye hori juu yake. Bia ikichacha, povu la hamira linapanda kwenye shingo, linamwagikia horini, bia safi inarudi chini. Mwaka 2024 wenye kiwanda, Carlsberg Marston's, wakaamua kuachana nazo. Seti moja ikaenda Thornbridge, na sasa wanapikia humo. Wenye IPA za ukungu hao hao, kaka.

Povu: kuna kikofia kidogo chenye matundu kinafungwa mdomoni mwa bomba la pampu inayovuta bia toka stoo, kinachuja bia kwa nguvu inatoka povu zito kama krimu. Kusini hawakitaki, wanasema kinanyang'anya uchungu. Hapa Sheffield ukikivua unaulizwa unatoka wapi. Kama hupendi mwambie anayekuhudumia akivue, atakivua, huku anakutazama.

#11 Mama Tegeta

Nina swali la maana zaidi ya povu. Nakuja Uingereza mwezi wa kumi kumtembelea mdogo wangu. Mwanamke anaweza kuingia peke yake kwenye hizo baa asionekane kituko? Na hayo matamasha yakoje? Nikisikia tamasha la bia napata picha ya vurugu.

#12 Nesi wa Usiku

Dada karibu. Mimi nipo Leeds, nakunywa peke yangu na kitabu changu, hakuna anayeniuliza. Baa nzuri hapa ni kama sebule ya mtaa. Kuna mbwa amelala, kuna babu anajaza fumbo la gazeti, kuna muziki wa chini au haupo kabisa.

Ila sitakudanganya, visa havikosi. Baa moja, jina naliacha, niliagiza painti kijana akanimiminia nusu bila kuuliza, eti "nimedhani ni yako". Nikamwambia ni yangu ndiyo, na nusu nyingine iko wapi? Alijaza akiwa mwekundu mpaka masikioni.

Ukianza usianze na za uchungu mkali. Omba mild, nyeusi, nyepesi, asilimia 3 na kitu, ina ladha ya mkate uliokauka kwa juu. Au porter kama unapenda kahawa. 1872 Porter ya kiwanda cha Elland imewahi kuwa bia bora ya Uingereza mara mbili, 2013 na 2023. Ukiiona popote usiulize bei.

#13 Mpita Njia

Usiulize bei halafu? Bei tunataka, dada.

#14 Kata Mbili

Hapa kwetu painti ni pauni nne na kitu, London ongeza mbili. Painti ni mililita 568, kwa hiyo ni zaidi ya chupa yetu kubwa ya nusu lita. Na bitter, zile ale zao za uchungu za kila siku, ni asilimia 3.8, 4, hivyo. Safari ni 5.5. Mtu anakaa jioni nzima na tatu anatoka anatembea wima.

Mama Tegeta, mwezi wa kumi umepatia. Sheffield tamasha letu huwa Oktoba, kwenye makumbusho ya Kelham Island, yaliyojaa mashine za zamani za chuma. Humo kuna injini ya mvuke ya 1905 yenye nguvu ya farasi 12,000, ilikuwa inakanyaga mabamba ya meli za kivita. Unakunywa bia yako mbele ya mnyama huyo wa chuma.

Utaratibu ni huu. Mlangoni unalipia, unapewa glasi yenye mistari mitatu: thuluthi ya painti, nusu, na painti nzima. Glasi unatembea nayo siku nzima, ukiondoka unaweza kuirudisha ukarudishiwa pesa yako au ukaenda nayo nyumbani. Mapipa yamepangwa ukutani kwenye jukwaa kama kreti za soda kwa wakala, kila moja lina kadi ya jina na nguvu. Wanaohudumia hawalipwi, ni walimu, madereva, wastaafu. Waulize, watakueleza mpaka uchoke. Kuonja kidogo ni bure.

Siri ni thuluthi. Anayeanza na painti nzima huwa ameshiba bia ya tatu na bado kuna tisini ukutani. Anza na nyepesi, zenye nguvu ziache mwisho, maana kuna za asilimia 8 zinazoshuka kama maji. Kula. Kuna pai za nguruwe, jibini, na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka, chumvi tupu.

Na jambo moja usishtuke. Mtu akiangusha glasi ikavunjika, ukumbi mzima unapiga ukelele wa shangwe. Wote, mpaka wahudumu. Mara ya kwanza nilidhani kuna goli.

Vurugu sijaona. Nenda Alhamisi mchana, Ijumaa usiku waachie wenyewe.

#15 Sinywi

Mimi situmii kabisa, nipo Tanga, nimesoma uzi wote kwa ajili ya hiyo injini. Sasa naomba kuuliza, hilo tope pipani linazamaje lenyewe? Bia yenu nimeiona picha, inang'aa kama mafuta ya alizeti.

#16 Kata Mbili

Swali zuri kuliko yote hapa, na limetoka kwa asiyekunywa.

Halizami lenyewe, linasaidiwa na samaki. Kibofu cha hewa cha samaki, kile ambacho Mwanza wanakiita bondo, kinakaushwa, kinayeyushwa kwenye asidi nyepesi, kinatiwa kidogo pipani. Kinakamata chembe za hamira na kushuka nazo chini. Siku hizi wasiokula kitu cha mnyama wamelalamika, kwa hiyo viwanda vingi vidogo vimeacha, bia yao ina ukungu kidogo na kwenye kadi wanaandika.

#17 Jirani wa Busia

Sasa mkuu, unajuaje umepewa pipa limekufa? Usije ukaniambia ladha ya siki ndiyo utamaduni.

#18 Kata Mbili

Siki siyo utamaduni, rudisha. Hapa kurudisha bia mbaya siyo ugomvi. Unaipeleka kaunta kwa sauti ya kawaida, "samahani, nadhani hii imefika mwisho," mhudumu mwenye akili ananusa, anakubadilishia, na kibao cha jina kwenye pampu anakigeuza kitazame ndani. Ukikuta kibao kimegeuzwa ujue pipa limeisha au limekufa.

Mimi natazama mambo mawili kabla sijaagiza. Baa ina watu? Na pampu ni ngapi? Baa tupu yenye pampu kumi naikimbia, maana hizo painti 72 mara kumi nani atazimaliza kwa siku tatu? Pampu tatu na watu wa kutosha, hapo kaa. Nilishawahi kunywa siki kwenye baa nzuri ya picha za kupendeza, pampu kumi na mbili, wateja tukiwa wanne pamoja na mbwa.

Na hakuna mhudumu wa kukufuata mezani. Unakwenda kaunta mwenyewe. Foleni huioni lakini ipo, kila mtu anajua nani alifika kabla yake, ole wako umruke mtu. Mkiwa kundi mnazungusha raundi kama kwetu, na wanahesabu kimya kimya nani bado hajatoa yake.

Kama utakuja Sheffield anzia baa ya Fat Cat. Ilifunguliwa 1981 wakati mtaa ule wa Kelham Island ulikuwa wa viwanda vilivyokufa, watu wakamwona mwenyewe amechanganyikiwa. Mwaka 1990 wakaanza kupika kiwanja hicho hicho, na Pale Rider yao ikawa bora Uingereza nzima 2004. Kiwanda kilifunga 2022, bia yenyewe Thornbridge wakaichukua. Ukitoka hapo mpaka makumbusho ya tamasha ni mwendo wa mguu tu.

#19 Kijana wa Leicester

Kaka nitakuja huko Oktoba. Painti ya kwanza yako, bila kofia.

#20 Mama Tegeta

Nimeshamwambia mdogo wangu. Alhamisi mchana, thuluthi thuluthi. Asanteni.

#21 Mzee Msesewa

Kata Mbili, Krismasi unakuja?

#22 Kata Mbili

Nakuja mzee. Natua KIA tarehe 19.

#23 Mzee Msesewa

Tarehe 19 utakuwa umechoka na safari. Weka 21. Basi ndizi navundika tarehe 9, ziive, zichemshwe, nyalu, hizo ndizi zilizochemshwa, ikae siku zake, mso, ule uji wa kimea cha ulezi, nautia tarehe 20 jioni. Ukichelewa ndege shauri yako, tarehe 22 sikuwekei. Na glasi yako yenye mistari njoo nayo, huku wapimaji ni wengi.